Sumu ya Jiko la Makaa: Ni Nani wa Kulaumiwa?

Ndugu wanachama,

Kila mwaka baridi inapoingia, mwezi wa Juni, Julai na Agosti, habari ni ile ile. Mlango wa chumba umegongwa asubuhi na hakuna aliyeitika. Majirani wamevunja komeo. Ndani mna baba, mama na watoto wamelala kama watu walio katika usingizi mzuri, na katikati ya sakafu pana jiko la makaa limejaa majivu. Hapana damu, hapana jeraha, hapana kilichoibwa. Na kabla maiti hazijafikishwa mochari, watu wameanza kusema. Mmoja asema walirogwa. Mwingine asema walikula chakula kibaya. Na bwana mmoja mwenye elimu, anayelala katika nyumba ya madirisha manne na stima ya kupasha maji, atikisa kichwa na kusema: "Ni ujinga. Watu hawa hawasikii."

Ni neno hilo la mwisho tunalotaka kulijibu leo. Mambo ya uchawi hatutayapotezea karatasi. Lakini neno "ujinga" lina hatari kubwa, kwa maana likisemwa mara nyingi hufunga mashauri. Mtu akifa kwa ujinga wake hapana wa kuulizwa. Mwenye nyumba hukusanya kodi ya mwezi unaofuata, mwajiri huandika jina jipya katika orodha ya kazi, na ofisa wa afya hurudi ofisini kwake. Sisi twasema kwamba sumu hii huua mahali ambapo hewa imenyimwa njia, na kwamba njia ya hewa hujengwa na mtu au huzibwa na mtu. Basi na tumtafute mtu huyo.

KWANZA TUIJUE SUMU YENYEWE

Moto ukipata hewa ya kutosha huchoma kaa mpaka mwisho, na kinachotoka ni gesi ya kaboni dayoksaidi, ile ile tunayoitoa tukipumua. Moto ukibanwa pumzi, kaa halichomeki mpaka mwisho, na hapo hutoka gesi nyingine iitwayo kaboni monoksaidi. Wazee wetu waliostaafu kutoka injini za moshi walilijua jambo hili kwa mikono yao. Fayamani aliyekosea kipimo cha hewa ya tanuru aliona moto ukilala na mvuke ukishuka, na dereva akamgeukia kwa maneno makali. Jiko letu la nyumbani ni tanuru dogo. Tofauti ni kwamba injini ilikuwa na dohani ya kutoa uchafu wake juu, na jiko letu dohani yake ni pua zetu.

Gesi hii haina rangi, haina harufu, haina ladha, wala haiwashi macho. Moshi wa kuni humtoa mtu nje kwa nguvu, kwa sababu macho hutiririka na kifua hukohoa. Kaboni monoksaidi haisemi neno. Na makaa yaliyoiva vizuri, mekundu, yasiyo na moshi hata kidogo, ndiyo watu huyaingiza ndani wakiamini kwamba sumu imekwisha kutoka. Sivyo, ndugu. Kilichokwisha ni moshi. Sumu yaendelea kutoka mpaka kaa la mwisho lizimike, hata pale makaa yanapofifia au yanapofunikwa na majivu ili yadumu hadi alfajiri.

Ikisha kuingia mwilini hufanya nini? Damu yetu ni kama gari la mizigo. Chembe zake nyekundu ni mabehewa, na kazi yao ni kupakia oksijeni katika mapafu na kuishusha katika ubongo, moyo na viungo vyote. Kaboni monoksaidi hushikamana na mabehewa hayo kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Fikirini gari ambalo mabehewa yake yamejazwa mawe katika stesheni ya kwanza. Gari litapita kila stesheni kwa saa zake, lakini mzigo unaongojewa haumo.

Mtu huanza kuumwa kichwa. Halafu kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea, mawazo kuchanganyika. Aliye macho aweza kutambua kwamba kuna neno na kutoka nje. Aliyelala hana nafasi hiyo, kwa maana usingizi wake wazidi kuwa mzito tu. Hata anayeamka aweza kusimama, akakosa nguvu ya kufungua komeo, akaanguka mlangoni. Ndiyo sababu maiti nyingine hukutwa zimeunyooshea mlango mkono. Hao si watu waliokubali kufa.

Tena msidanganywe na wanaosema kwamba gesi hii hutambaa sakafuni, na hivyo anayelala kitandani yu salama. Uzito wake ni karibu sawa na wa hewa yenyewe. Huenea chumba kizima, chini na juu, kitandani na mkekani. Na ndugu zetu walio katika nchi za juu, kama wale wa Timboroa ambako reli hupita zaidi ya futi 9,000 juu ya bahari, wajue kwamba kwao hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu hewa ya huko ina oksijeni kidogo tangu mwanzo, nayo baridi ya huko humsukuma mtu kufunga kila mahali.

JE, NI UJINGA?

Tarehe 29 Septemba 1902 mwandishi mkubwa wa Ufaransa, Émile Zola, alikutwa amekufa katika chumba chake cha kulala mjini Paris. Dohani ya moto wake wa makaa ya mawe ilikuwa imeziba, na gesi ikabaki ndani usiku kucha. Mkewe aliponea chupuchupu. Bwana Zola alikuwa mtu wa vitabu, mwenye mali na jina duniani kote. Je, naye twamwita mjinga?

Tuwakumbushe pia jambo la watu wa reli wenyewe. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Machi 1944, wakati wa vita, gari la mizigo lenye injini mbili za mvuke lilikuwa likipanda mlima huko Italia ya kusini, karibu na Balvano. Watu wengi walikuwa wamelidandia, kwa maana kulikuwa na njaa nao walikwenda kutafuta chakula. Makaa ya mawe waliyopewa mafayamani yalikuwa hafifu. Ndani ya handaki reli ilikuwa na unyevu, magurudumu yakateleza, gari likasimama. Injini ziliendelea kuwaka ndani ya handaki lisilo na hewa. Watu zaidi ya 500 walikufa humo, wengi wao wakiwa wamelala, na wafanyakazi wa gari miongoni mwao. Madereva na mafayamani wale walijua moto kuliko bwana yeyote anayetuita wajinga. Ujuzi wao haukuwatengenezea hewa. Walipewa makaa mabaya, wakapewa gari zito, wakapitishwa katika handaki lisilo na njia ya kutolea moshi.

Sasa tazameni wachimba makaa wa Uingereza. Mwaka 1896 mtaalamu John Scott Haldane, aliyezoea kujipima gesi hii katika mwili wake mwenyewe, alionyesha kwamba wengi waliokufa baada ya milipuko ya migodi hawakuuawa na mlipuko bali na kaboni monoksaidi. Alishauri vichukuliwe viumbe wadogo chini ya ardhi, kwa kuwa wao huzidiwa mapema kuliko mtu. Ndipo ndege wa manjano waitwao kanari wakawa katika migodi ya Uingereza mpaka mwaka 1986, vilipochukua nafasi yao vyombo vya kupimia. Mchimba mgodi hakuambiwa, "Usiwe mjinga, unuse vizuri." Sumu isiyo na harufu haijulikani kwa kunusa. Alipewa chombo cha kumwonya, pakawa na mkaguzi, pakawa na sheria. Hayo ndiyo humwokoa mfanyakazi.

HISTORIA YA CHUMBA

Yatupasa kuuliza: ni kwa nini familia ya watu watano hupika, hula, huota moto na hulala katika chumba kimoja cha futi 10 kwa 10 chenye dirisha dogo lisilofunguka?

Chumba hicho kina historia yake. Wakati wa ukoloni mfanyakazi Mwafrika mjini alihesabiwa kuwa mtu asiye na mke wala watoto. Mshahara ulipimwa kwa tumbo moja, na malazi yalipimwa kwa kitanda kimoja. Wafanyakazi wa Mombasa waligoma mwaka 1939, na shida ya nyumba na kodi ilikuwa miongoni mwa madai yao. Waligoma tena Januari 1947, watu wapatao 15,000, wa bandari na wa reli pamoja. Mwaka 1954 hata kamati ya serikali ya kikoloni yenyewe, chini ya Bwana Carpenter, ilikubali kwamba mshahara wa mtu mmoja haufai, na kwamba mfanyakazi alipwe kwa kadiri ya mtu mwenye familia.

Miaka mingi imepita tangu siku hizo. Bendera ilibadilika mwaka 1963. Lakini ukienda leo katika ploti za mabati za Nairobi, Nakuru au Eldoret, utakuta chumba ni kile kile cha mtu mmoja, ila sasa kina watu watano ndani yake. Kota za zamani za wafanyakazi zilikuwa na jiko la pamoja nje, na matundu ya hewa juu ya ukuta. Ploti nyingi za siku hizi hazina hata hayo. Mwenye nyumba amehesabu vyumba, akaona kwamba mahali pa jiko pangeweza kuwa chumba kingine cha kodi. Amepigilia dirisha misumari, au amejenga ukuta wa ploti nyingine karibu na dirisha kiasi cha mkono kutopenya. Kisha ameandika kwa rangi nyekundu kwenye korido: HAKUNA KUWEKA JIKO HAPA.

Basi jiko liende wapi? Nje lina mvua. Nje litaibwa. Nje mtoto wa jirani atalikanyaga. Koridoni limekatazwa. Linaingia ndani, na mlango unafungwa kwa sababu ya baridi na wezi. Hayo ndiyo yaitwayo ujinga.

"NUNUENI GESI YA MTUNGI"

Kuna mabwana wengine wenye jibu jepesi. Wasema: acheni makaa, nunueni gesi ya mtungi, au mpike kwa stima. Sisi hatuna ugomvi na gesi ya mtungi wala na stima. Mwenye uwezo na anunue, hata leo. Lakini makaa huuzwa kwa mkebe, na mkebe mmoja hununuliwa kwa mshahara wa siku moja. Mtungi wataka fedha nyingi kwa mara moja, kwanza za mtungi wenyewe na kichwa chake, halafu za kuujaza. Mtu alipwaye kwa siku hawezi kupika kwa fedha za mwisho wa mwezi.

Tena bei ya gesi haikushuka kutoka mbinguni. Julai 2021 serikali iliweka juu yake kodi ya VAT ya asilimia 16. Mwaka 2022 ikaishusha hadi asilimia 8, na mwaka 2023 ikaiondoa. Mafuta ya taa nayo yaliongezwa ushuru wa shilingi 18 kwa lita mnamo Septemba 2018. Sheria hizi zilitungwa na watu walioketi mezani. Basi wasije wakasema kwamba mama wa Mukuru huchagua makaa kwa kupenda.

Wengine wasema: chukueni jiko lile la bati lenye udongo ndani, lililoenea nchini tangu miaka ya 1980. Ni jiko jema na hupunguza makaa, na fedha ya mfanyakazi huokolewa. Lakini kupunguza makaa si kuondoa sumu. Jiko hilo likilala chumbani na mlango umefungwa, laua kama lile la zamani.

SHERIA YASEMAJE?

Hatuombi sadaka. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya nyumba ya kutosha. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 31, yasema kwamba mwajiri atampa mfanyakazi nyumba inayofaa karibu na kazi, ama atamlipa, juu ya mshahara wake, fedha za kutosha kupata nyumba inayofaa. Ni kweli sheria hiyo imeacha mlango: mshahara ukiwa umejumlisha kodi ya nyumba, au mapatano ya chama yakisema hivyo, mwajiri halipi zaidi. Kwa hiyo wajumbe wetu wanapoketi kwenye meza ya mapatano yawapasa kulishika neno hilo "inayofaa" kwa mikono miwili. Waulize: fedha hii ya nyumba, yaweza kukodi chumba chenye dirisha linalofunguka? Kama haiwezi, basi haifai, hata ikiitwa posho mara ngapi.

Sheria ya Afya ya Umma, sura ya 242, inayo nguvu juu ya nyumba iliyojengwa au kuachwa katika hali ya kudhuru afya. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri kulinda maisha ya mtu mahali pa kazi, na kibanda cha askari wa usiku ni mahali pa kazi. Kambi ya gengi la njia ya reli ni mahali pa kazi. Askari akipewa debe la makaa na kibanda cha mabati chenye tundu la ufunguo tu, aliyempa hawezi kusema hakujua.

Na kuna jambo jingine. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024 iliweka makato ya asilimia 1.5 ya mshahara wa mfanyakazi, na mwajiri atoe kiasi kama hicho. Mtu anayekatwa fedha kwa ajili ya nyumba anayo haki kamili ya kuuliza hewa ya nyumba hizo hupita wapi.

Tuangalie na nchi za wenzetu. Huko England, sheria ya mwaka 2015 iliyoongezwa nguvu tarehe 1 Oktoba 2022 yamlazimisha mwenye nyumba ya kupangisha kuweka kengele ya kaboni monoksaidi katika chumba chenye chombo cha moto kilichojengewa humo, ila jiko la gesi la kupikia. Mwenye nyumba ndiye alazimishwaye, si mpangaji. Huko na Marekani nyumba hupimwa hata gesi nyingine iitwayo radoni, inayopanda kutoka ardhini kupitia nyufa za sakafu. Nayo haina rangi wala harufu, na baada ya miaka mingi huleta saratani ya mapafu. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri kiwango chake nyumbani kisizidi bekereli 100 katika mita moja ya ujazo ya hewa, na pale isipowezekana kisipite 300. Wenzetu hupima gesi inayoua kwa miaka. Sisi twaomba tundu ukutani kwa ajili ya ile inayoua kwa usiku mmoja.

Mwenye nyumba atasema: tundu huingiza baridi na wezi. Twamjibu kwamba tundu la hewa hujengwa juu, karibu na paa, kwa tofali lenye matundu, na wavu wa kuzuia mbu. Hakuna mwizi apitaye katika tundu la ngumi. Na baridi ipitayo hapo haijaua familia nzima usiku mmoja.

YA KUFANYA NYUMBANI USIKU WA LEO

Madai huchukua muda, na baridi haingoji mkutano. Kwa hiyo kila mwanachama na asome haya kwa sauti nyumbani, mke na watoto wasikie.

1. Usilale na jiko lenye moto chumbani, hata kama makaa ni machache, hata kama yamefunikwa majivu. Kabla ya kulala litolewe nje, au makaa yazimwe kwa maji huko huko nje mpaka yapoe kabisa. Mtu wa shifti ya usiku alalaye mchana, sheria ni hiyo hiyo.

2. Washa jiko nje. Ikiwa ni lazima kupikia ndani, mlango na dirisha viwe wazi muda wote, ili hewa iingie upande mmoja na itoke upande wa pili.

3. Bakuli la maji, kitunguu, chumvi au majani mabichi karibu na jiko haviondoi sumu hii. Anayekufundisha hayo hakutakii mabaya, lakini atakuua.

4. Usizibe tundu la hewa kwa gunia au gazeti. Likiwa linapitisha baridi, ongeza blanketi. Chemsha maji jioni, yatie katika chupa inayofungwa vizuri, izungushie kitambaa, uiweke miguuni mwa watoto.

5. Watu wawili au zaidi katika chumba kimoja wakiumwa kichwa pamoja, na maumivu yakapungua wakitoka nje, msiseme ni malaria. Ni jiko. Fungueni mlango na mtoke wote.

6. Ukimkuta mtu amezidiwa, fungua mlango wazi, vuta pumzi nje, mtoe haraka, wala usikae ndani kumchunguza. Usimpe maziwa, hayasaidii. Mpeleke hospitali na umwambie daktari waziwazi kwamba palikuwa na jiko la makaa, ili apewe oksijeni bila kukawia. Mama mjamzito apelekwe hata akisema amepona, kwa maana mtoto aliye tumboni hudhurika zaidi.

7. Aliyepona aangaliwe kwa majuma kadhaa. Wengine husahau sahau au hubadilika tabia baadaye, na yafaa warudi kwa daktari.

8. Jenereta ya petroli isiwashwe chumbani wala koridoni. Sumu yake ni hii hii.

9. Wanaoweza kuchanga fedha, hata wapangaji wa ploti nzima pamoja, na wanunue kengele ya kaboni monoksaidi. Iangalieni vizuri dukani, kwa sababu kengele ya moshi ni kitu kingine, nayo haitalia kwa gesi hii.

MADAI YETU

Kwa waajiri: kila kibanda cha askari, kila kambi ya gengi na kila chumba cha kupumzikia wafanyakazi wa magari kikaguliwe kabla ya mwezi wa Juni. Penye stima pawekwe chombo cha stima cha kupasha joto. Pasipo na stima pajengwe mahali pa moto penye dohani. Wafanyakazi wapewe makoti mazito, wasipewe makaa na kufungiwa ndani.

Kwa wenye nyumba: dirisha lililopigiliwa misumari lifunguliwe, tundu la hewa litobolewe katika kila chumba, na mahali pa kupikia penye paa pajengwe katika kila ploti.

Kwa serikali za kaunti: maofisa wa afya watembee katika ploti na kutumia sheria waliyonayo. Sheria isiyotoka ofisini haimwokoi mtu. Na nyumba zote zinazojengwa kwa makato ya mishahara yetu ziwe na njia ya hewa isiyozibika.

Kwa matawi yetu: kila kamati ya tawi iandike orodha ya vyumba visivyo na hewa ambamo wanachama hulala, na barua ipelekwe kwa mwenye nyumba kwa jina la chama, si kwa jina la mpangaji mmoja. Mpangaji mmoja akilalamika hufungiwa chumba kwa kufuli jipya. Wapangaji arobaini wakiandika pamoja, mwenye nyumba hutafuta fundi. Na mwanachama akifukuzwa chumba kwa sababu ya kudai dirisha, tawi lisimwache alale nje.

Ndugu, hakuna kati yetu atakayekubali kupanda gari ambalo breki zake hazikupimwa. Twakagua, twagonga magurudumu, twaandika kasoro, na gari lenye hitilafu halitoki. Lakini jioni tukitoka kazini twaenda kulala katika vyumba ambavyo hakuna mtu aliyevikagua, na watoto wetu wamo. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, na hiki ki chumbani. Kaguzi ile ile tunayoifanya kwa mali ya reli tuifanye kwa pumzi za watu wetu. Atakayetuita wajinga baadaye, tumwonyeshe barua tulizoandika, na tarehe zake, na majina ya waliozipokea wakanyamaza.

Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Na tuunganishe vinga vyetu katika madai haya, na moto wa jikoni tuutoe nje usiku wa leo.

Umoja ni nguvu.

Ni sisi wenzenu wa karakana na wa njia ya reli.